Joe Dope, katuni na bunduki iliyokwama

Sisi tuliokuwa tunaficha Sani ndani ya daftari la Hisabati tuliambiwa sana kwamba tunapoteza muda. Sasa sikilizeni hii. Jeshi la Marekani, lenye mabomu na manowari zake zote, lilitumia katuni kwa zaidi ya nusu karne kuwafundisha askari kubadilisha oili, kukaza nati na kusafisha bunduki. Sitanii wandugu.

Mtu wa kumjua hapa ni Will Eisner, mchoraji wa New York aliyezaliwa mwaka 1917. Kuanzia 1940 alijipatia jina kwa katuni yake ya The Spirit, iliyokuwa inatoka ndani ya magazeti ya Jumapili. Mwaka 1942 akaitwa jeshini. Hakupelekwa mstari wa mbele. Alipelekwa Maryland, kwenye idara ya silaha na magari, akaanza kuchorea jarida lililoitwa Army Motors.

Kwa nini jeshi lihitaji mchora katuni? Vita Kuu ya Pili ilikuwa vita ya magari. Mamilioni ya vijana, wengi wao hawajawahi kufungua boneti, walikabidhiwa malori, jeep na vifaru. Vitabu vya mwongozo vilikuwepo, tena vinene, vimeandikwa na wahandisi kwa lugha ya wahandisi. Nani atavisoma akiwa kwenye tope? Na gari likifa njiani, chakula na risasi havifiki. Ndipo likaja wazo la matunzo ya kinga: usingoje kitu kiharibike ndipo uite fundi, dereva mwenyewe akague kila siku.

Eisner aliona kwamba kijana wa miaka 19 hawezi kupenda oili kwa amri. Akamchora Joe Dope, askari bwege kuliko wote, ambaye jina lake lenyewe maana yake ni zuzu. Joe anasahau oili, anapuuza matairi, kila anachogusa kinaharibika. Msomaji anacheka, halafu anakumbuka lori lake mwenyewe. Pembeni yuko Sajenti Half-Mast McCanick, fundi mzee mjuzi, na Connie Rodd, mrembo anayejua ufundi kuliko wanaume waliomzunguka. Litamkeni jina la huyo dada haraka haraka mbele ya fundi yeyote wa gereji, ataleta spana akidhani mnataka konrodi.

Vita ikaisha, Eisner akarudi uraiani, na mwaka 1948 akafungua kampuni yake ya katuni za mafunzo. Vita ya Korea ilipoanza 1950 jeshi likamkumbuka. Juni 1951 likatoka jarida jipya la kila mwezi, dogo la kuingia mfukoni, likaitwa PS, kama ile nyongeza unayoandika mwisho wa barua. Maana yake ni kwamba lilikuwa nyongeza ya vile vitabu vinene. Katikati kulikuwa na kurasa nane za katuni ya rangi.

Wakubwa hawakufurahi wote. Eisner mwenyewe alisimulia kwamba mabishano yalifika Chuo Kikuu cha Chicago, mafunzo ya katuni yakapimwa dhidi ya mwongozo wa kawaida, na katuni ikashinda. Hata hivyo, katikati ya miaka ya 1950 Joe Dope aliondolewa, kwa maelezo kwamba anamdhalilisha askari. Jarida likaendelea bila yeye, na Eisner akabaki nalo hadi 1971.

Mpaka hapo ni hadithi tamu. Sasa twende Vietnam.

Kuanzia 1965 askari wa Marekani kule walianza kupewa kwa wingi bunduki mpya ya M16. Zikaenea habari kwamba bunduki hii haihitaji kusafishwa sana. Vifaa vya kuisafishia havikutosha. Baruti ya risasi zake ilikuwa imebadilishwa, ikawa inaacha uchafu mwingi zaidi. Chemba yake haikupakwa kromu, kwa hiyo kwenye unyevu wa msituni ilishika kutu. Matokeo yake bunduki zikakwama katikati ya mapigano. Barua za askari zikafika nyumbani zikieleza wenzao waliokutwa wamekufa huku bunduki zao zimefunguliwa, walikuwa wanajaribu kuzitengeneza. Oktoba 1967 kamati ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti ikisema uzembe uliofanyika ulikaribia kuwa jinai.

Jeshi likabadilisha chemba, likapeleka vifaa, na mwaka 1968 likatoa kijitabu cha kurasa 32 cha kuitunza M16. Mchoraji? Will Eisner. Bunduki inazungumziwa kama mpenzi wa kike, kwa utani ambao leo ungezua kesi. Lakini maelekezo yake yanaeleweka: paka mafuta hapa, usipake pale, safisha kila siku.

Mimi naamini kijitabu kile kiliokoa maisha. Ila kuna jambo linanisumbua. Katika katuni hizi zote mzembe ni yule askari wa chini kabisa. Joe Dope hana nyota begani. Kwenye M16 mambo yalikuwa kinyume: waliobadilisha baruti, walioacha kromu, waliotuma bunduki bila brashi, wote walikuwa wamekaa ofisini mbali na risasi. Hao hawakuchorewa katuni. Aliyechorewa ni kijana aliyekuwa analipa kwa makosa yao.

PS ya kila mwezi ilikoma mwaka 2019, kazi yake ikahamia kwenye mtandao. Eisner alifariki Januari 2005, akikumbukwa zaidi kwa riwaya zake za michoro, na tuzo kubwa ya katuni Marekani ina jina lake. Somo lake nalikubali kabisa: ukitaka mtu aelewe, ongea lugha yake, mchekeshe, mwoneshe picha. Hata huku kwetu mabango ya afya na kampeni za kila aina yamejaa vibonzo. Lakini siku nyingine mkiona katuni inamfundisha mwananchi kunawa mikono, angalieni kwanza kama bomba lina maji.