Mpira wa kikapu: Walinzi wawili mbele ya kizuizi

Bwiza ni mojawapo ya mitaa ya zamani ya Bujumbura ambako Kiswahili husikika sambamba na Kirundi. Mji huo ndio makao ya vilabu vya mpira wa kikapu kama Urunani na Dynamo, na kwa anayefuatilia michezo yao, hakuna mbinu inayojirudia zaidi ya ile iitwayo piki endi roli.

Mshambuliaji mmoja husimama kama ukuta kando ya mlinzi wa mwenzake mwenye mpira. Mwenye mpira hupita ubavuni mwa ukuta huo, kisha aliyeuweka hugeuka na kukimbilia kikapu akingoja pasi. Kwa mujibu wa sheria, mweka kizuizi sharti awe ametulia, miguu yote miwili ikiwa chini. Akisogea na kumgonga mlinzi, faulo ni yake. John Stockton na Karl Malone waliifikisha Utah Jazz kwenye fainali za NBA mwaka 1997 na 1998 kwa kuitegemea sana mbinu hiyo.

Walinzi wana njia kadhaa, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni kurudi nyuma. Mlinzi mrefu hubaki karibu na kikapu, naye mlinzi wa mwenye mpira hukikwepa kizuizi na kumfukuza kwa nyuma. Kikapu huwa salama, lakini mrushaji hodari hupata nafasi ya kurusha kutoka mbali. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka kikapuni katika michezo ya FIBA.

Ya pili ni kubadilishana watu. Hakuna anayeachwa huru, ila mlinzi mfupi hujikuta akimkabili jitu chini ya kikapu, na mrefu akimfukuza mwenye mbio.

Ya tatu ni kumvamia mwenye mpira wawili kwa mmoja ili aharakishe pasi. Huzaa makosa mengi, lakini nyuma hubaki walinzi watatu dhidi ya washambuliaji wanne.

Ya nne ni kumsukuma mwenye mpira kuelekea pembeni kabla hajakifikia kizuizi, ili mstari wa uwanja uwe mlinzi wa ziada.

Katika NBA, mlinzi asiye karibu na mpinzani wake haruhusiwi kukaa katika eneo la kikapu zaidi ya sekunde tatu. Sheria za FIBA hazimwekei mlinzi kikomo hicho. Ndiyo maana kurudi nyuma ni rahisi zaidi katika mashindano ya Afrika.

Hata hivyo, mbinu yoyote huanguka iwapo walinzi hawasemezani. Mlinzi mrefu ndiye akionaye kizuizi kwanza. Akinyamaza, mwenzake hugonga ukuta asiouona.

Mwezi Machi 2024 Dynamo iliishinda Cape Town Tigers kwa 86 kwa 73 mjini Pretoria, katika Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, BAL. Kisha iliondolewa mashindanoni baada ya kutocheza michezo miwili, kufuatia mzozo kuhusu maandishi ya mdhamini, Visit Rwanda, kwenye sare. Hivyo wachezaji wake walikosa fursa ya kuupima ulinzi wao mbele ya vigogo kama Petro de Luanda ya Angola.