Somo la Historia: Mzee Aliyefungwa Maisha

Leo tutazungumza juu ya kifungo cha maisha, na jinsi mzee aliyefungwa hivyo awezavyo kurudi kwao.

Kabla Wajerumani hawajaweka boma Mwanza, Msukuma aliyeua mtu hakutiwa jela. Ukoo wake ulilipa ng'ombe kwa ukoo wa marehemu. Jela ililetwa na serikali ya kigeni, na mwaka 1931 Waingereza waliifanya Idara ya Magereza kuwa mbali na Polisi.

Mfungwa wa kawaida mwenye mwenendo mwema hupunguziwa theluthi ya kifungo. Aliyepewa miaka 9 hukaa 6. Lakini theluthi ya maisha ni miaka mingapi? Haihesabiki. Rufani zikiisha, tumaini lake ni msamaha wa Rais, kwa ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 1977.

Msamaha huo hutangazwa hasa katika sikukuu za taifa. Mara nyingi tangazo huwataja wazee wa miaka 70 na zaidi, umri ukithibitishwa na mganga. Lakini mara nyingi tangazo lilo hilo huwaacha nje waliofungwa maisha. Basi uzee humfungulia mtu mlango, na kifungo chake humfungia.

Tarehe 9 Desemba 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa 8,157: watu 1,828 watoke, na 6,329 wapunguziwe. Safari hii walikuwamo 61 waliohukumiwa kunyongwa. Kwa kuwa tangu miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini, watu kama hao huzeeka gerezani. Mmoja wao alikuwa na miaka 85, na miaka 44 aliipitisha mahabusu na kifungoni. Alipokamatwa, Mwalimu Nyerere alikuwa bado Rais.

Je, mzee huyo humkuta nani nyumbani? Na jamaa za marehemu humpokeaje? Ng'ombe wa zamani walipatanisha koo mbili. Msamaha wa Rais humtoa mtu jela, lakini kupatanisha hubaki kazi ya kijiji.

Zungumzeni kikundini:
1. Mfungwa wa maisha akifika miaka 70, aachiliwe?
2. Nani awaendee jamaa za marehemu kabla hajarudi?

Kwaherini, hadi somo lijalo.