Kirusi: adui aliyegeuzwa mchukuzi

"Prof, itakuwaje kirusi kikawa dawa ya saratani?" Swali hili niliulizwa na mwanafunzi mmoja tulipokuwa tukitafsiri makala ya sayansi. Nikamjibu kwamba wahenga walishasema, dawa ya moto ni moto. Hata hivyo, methali peke yake haitoshi. Turejelee historia.

Mnamo 1911, Peyton Rous wa New York alisaga uvimbe wa saratani ya kuku, akauchuja hadi seli zote zikabaki nyuma, kisha akawadunga kuku wengine yale maji. Nao wakapata saratani! Kilichopenya kichujio kilikuwa kirusi. Wengi walimpuuza, Tuzo ya Nobel ilimfikia 1966. Mwaka 1970, Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kivyake, waligundua kimeng'enya kinachoviwezesha virusi hivi kugeuza RNA yao kuwa DNA, ambayo hujichomeka katika DNA ya seli. Ndipo vikaitwa retrovirusi, yaani vinavyoandika kinyumenyume.

Basi wanasayansi wakawaza: ikiwa kirusi kinaijua njia, mbona tusikitume? Wakakinyofoa jeni za kuzaliana, wakakipakia jeni ya tiba. Kikawa kama baghala, hubeba mzigo lakini hazai.

Ila baghala naye hupiga mateke. Nchini Ufaransa, watoto waliozaliwa bila kinga walitibiwa hivyo, wakapata nafuu. Kuanzia 2002, baadhi yao wakapatikana na saratani ya damu. Mzigo ulikuwa umetuliwa karibu na jeni iitwayo LMO2, ukaiwasha. Wabunifu wakajifunza kuondoa sehemu za kirusi zinazowasha jeni jirani. Wengine walikwisha kuanza kutumia VVU vilivyonyang'anywa makali. Agosti 2017, Marekani iliidhinisha tiba ambapo seli T za mgonjwa wa saratani ya damu hutolewa, kirusi kilichotokana na VVU huzipachika jeni ya kuitambua saratani, kisha hurudishwa mwilini.

Sasa, chombo hiki tukiiteje? "Vekta" tayari ni ya hisabati. Mimi napendekeza "kichukuzi", kutokana na mchukuzi. Hili si suala la kamusi tu. Mgonjwa wetu atakapowekewa fomu ya ridhaa mbele yake, sharti aelewe kwa lugha yake kwamba mchukuzi hodari pia huweza kutua mzigo pasipofaa. Asipoelewa, sahihi yake ni wino tu.