KUFULI AU KIPANDIO? HISTORIA YA MIFEREJI YA SAFARI NA ISTILAHI ZAKE

Utangulizi

Benaco si bandari. Ni kituo cha barabara katika wilaya ya Ngara, mahali ambapo malori ya mizigo yatokayo Dar es Salaam husimama kabla ya kuteremka hadi daraja la Rusumo na kuingia Rwanda. Hata jina lake lilikuja na barabara, kwani ni jina la kampuni ya ujenzi ya Kiitalia iliyopiga kambi hapo. Kwa Waitalia wenyewe neno hilo ni jina la kale la ziwa Garda. Basi jina la ziwa likahamia kwenye nchi ya vilima, nalo likaja kujulikana ulimwenguni kwa msiba, pale wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, mwishoni mwa Aprili 1994.

Mwandishi wa makala haya alifika Benaco kukusanya maneno ya uchukuzi wa barabara, lakini swali lililomkuta huko lilihusu uchukuzi wa majini. Mwalimu mmoja wa sekondari alimwonyesha kitabu cha historia kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza. Katika sura ya mapinduzi ya viwanda iliandikwa kwamba huko Uingereza vyombo vilipanda mlima “kwa kupita katika kufuli tano.” Wanafunzi walikuwa wamemwuliza mwalimu wao mambo matatu: nani alizifunga kufuli hizo, nani alikuwa na funguo, na chombo hupandaje mlima? Dereva mmoja aliyekuwa akinywa chai karibu nasi akadakia: “Mwalimu, kama kweli chombo hupanda mlima kwa maji, sisi tuyauze malori. Tupakie mizigo Bukoba, tupande Kagera mpaka Kigali.”

Tulicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Mfasiri alikuwa ametafsiri neno, hakutafsiri kitu. Nia ya makala haya ni kueleza kitu chenyewe na historia yake, kisha kupendekeza istilahi zinazokifaa.

Mifereji ya Uingereza

Katikati ya karne ya 18 barabara za Uingereza zilikuwa mbovu, na mzigo mzito ulikuwa ghali kuusafirisha. Farasi mmoja akivuta mkokoteni aliweza tani moja au mbili tu. Farasi yuleyule, akitembea kando ya maji yaliyotulia na kukokota chombo kwa kamba, aliweza tani 30 hivi, yaani karibu sawa na shehena ya lori refu la tela lipitalo Benaco leo. Hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya watu wachimbe mifereji.

Mfereji wa Sankey, uliofunguliwa mwaka 1757, ulichukua makaa ya mawe ya St Helens. Lakini uliowatia watu hamasa ni ule wa Mtemi wa Bridgewater, ulioanza kazi mwaka 1761 kutoka machimbo yake ya Worsley hadi Manchester. Fundi wake mkuu alikuwa James Brindley, mtu ambaye elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo sana. Huko Barton aliupitisha mfereji juu ya mto Irwell kwa daraja la mawe, vyombo vikawa vinapita juu ya vyombo vingine. Bei ya makaa mjini Manchester ilishuka kwa kiasi cha nusu, na kila mwenye kiwanda akatamani mfereji wake.

Mwaka 1777 mfereji uliounganisha mito Trent na Mersey ulikamilika. Mfinyanzi mashuhuri Josiah Wedgwood alikuwa miongoni mwa walioupigania, maana vyombo vyake vya udongo vilivunjika ovyo barabarani. Katika mlima wa Harecastle mfereji huo ulipita ndani ya handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili na nusu. Handaki halikuwa na njia ya farasi, hivyo watu walilala chali chomboni na kukisukuma kwa kukanyaga kuta kwa miguu yao. Miaka ya 1790 ikawa miaka ya homa ya mifereji, na wengi walinunua hisa za mifereji ambayo haikuleta faida kamwe.

Yafaa tutaje jambo moja la lugha. Waingereza wa wakati huo waliita mfereji wa namna hii kwa neno lenye maana ya “usafiri wa majini,” na mchimbaji wake wakamwita kwa neno linalomtaja nahodha. Neno hilo likafupishwa, likabaki kuwa jina la kibarua wa sururu na koleo hata pale alipokwenda kujenga reli. Maneno husafiri hivyo katika lugha zote, na hapana ubaya, mradi watumiaji wanakijua kitu kinachotajwa.

Reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa mwaka 1830, na polepole ikafuatwa na nyingine zilizonyang'anya mifereji mizigo yake. Kosa la awali liliongeza udhaifu. Brindley alikuwa ameweka kipimo cha futi saba, yaani mita mbili na kidogo, kwa upana wa mahali pa kupandishia vyombo katika mifereji mingi ya katikati ya nchi. Kipimo hicho kiliokoa fedha na maji, lakini kiliwafunga waliokuja baadaye, kwa kuwa kila chombo kilipaswa kuwa chembamba kama mlango wa kwanza. Mifereji mingi ilitaifishwa mwaka 1948, na shughuli za mizigo zikazidi kufifia. Leo watu husafiri humo kwa mapumziko, na wengine wamefanya vyombo hivyo vyembamba kuwa nyumba zao.

Kitu kilichoitwa kufuli

Maji hayasimami mteremkoni. Mfereji wa safari hauna budi kuwa sawasawa kama sakafu, na inapobidi kupanda kilima hupanda kwa hatua, kila hatua ikiwa na sakafu yake. Kinachokivusha chombo kutoka sakafu moja hadi nyingine ni chumba cha mawe au matofali chenye lango chini na lango juu. China ilikuwa na chumba cha namna hiyo mwaka 984, kazi ya ofisa Qiao Weiyue. Ulaya ilifuata karne kadhaa baadaye.

Chombo kinachopanda huingia chumbani, na lango la chini hufungwa nyuma yake. Kisha hufunguliwa tundu dogo la juu, maji ya juu yakaingia na kukijaza chumba, na chombo kikainuka pamoja nayo. Maji ya ndani yanapolingana na ya juu, lango la juu husukumwa wazi na chombo huendelea na safari. Kinachoteremka hufanyiwa kinyume cha hayo. Hapana pampu wala injini. Lango lenyewe kwa kawaida lina mabawa mawili yanayokutana kwa pembe inayoelekea maji ya juu, hivyo uzito wa maji ndio unaoyabana. Kwa hiyo hapana kufuli yoyote, na mwenye funguo hayupo.

Ile sentensi ya kitabu ilihusu ngazi ya Bingley, iliyofunguliwa mwaka 1774 katika mfereji wa Leeds na Liverpool. Vyumba vyake vitano vimeshikana, na humpandisha msafiri kiasi cha mita 18. Maporomoko ya Rusumo yana kimo cha mita 15 hivi. Dereva wetu wa Benaco, basi, hakusema upuuzi, kwani kimo pekee hakikuwa kikwazo hata kwa mafundi wa karne ya 18.

Belezoni na Kagera

Isidhaniwe kwamba Waswahili hawakuwahi kuwa na mfereji wa safari. Katika karne ya 19, karibu na Kau na Kipini katika pwani ya Kenya, palikuwa na mfereji wa Belezoni uliounganisha mto Tana na mto Ozi. Mitumbwi ilipitisha humo mazao ya bonde la Tana hadi bandarini. Ulikuwa na thamani ya kutosha kuzusha ugomvi wa dola, kwani mwaka 1889 ushuru uliotozwa humo kwa jina la Sultani wa Witu uliwagombanisha Wajerumani na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata mkataba kati ya Uingereza na Ujerumani uliiweka Witu chini ya Waingereza.

Lakini Belezoni haukuwa na chumba wala lango la kuzuia mkondo. Tana ilipoona njia iliyo fupi, iliifuata. Maji yalipanua kingo, na kilichokuwa njia ya mitumbwi kikawa mto wenyewe. Leo sehemu kubwa ya maji ya Tana huingia baharini Kipini, si katika mdomo wake wa zamani ulioko kusini. Hapa ndipo tunapoona uzito wa jambo tunalolijadili. Kinachoutofautisha mfereji wa safari na mtaro ni kile chumba chenye malango mawili. Mwanafunzi anayesoma “kufuli” hanyimwi neno zuri tu, ananyimwa jambo lenyewe ambalo bila hilo mfereji huwa mto.

Na Kagera je? Chini ya Rusumo mto hupita katika vinamasi vya mafunjo na maziwa madogo, kisha hugeukia mashariki na kuingia ziwa Viktoria kaskazini ya Bukoba, katika ardhi ya Uganda. Mwaka 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini mkataba wa kuliendeleza bonde lake, na Uganda ikajiunga mwaka 1981. Jumuiya hiyo imekwisha kuvunjwa, lakini umeme uliotarajiwa Rusumo umepatikana katika kituo cha megawati 80 cha nchi tatu za mwanzo. Mteremko wa maji umekwisha kupewa kazi. Kila chombo kinapopandishwa, chumba kizima cha maji huteremka bure, na maji hayo yasingepita katika mitambo. Barabara nayo imekwisha kufika, kama reli ilivyowafikia Waingereza. Jibu la dereva, kwa hiyo, ni kwamba inawezekana kwa ufundi, lakini hailipi.

Istilahi zinazopendekezwa

Nilipomaliza kueleza hayo kwa kuchora mavumbini, utingo wa lori alisema: “Kumbe ni kama kipandio.” Alikuwa akionyesha kile chuma cha kukanyagia mtu anapoingia chumba cha dereva. Neno lilikuwako muda wote, nasi tulikuwa tumelipita. Kipandio ni hatua moja ya ngazi, na vipandio vikifuatana huwa ngazi. Ndivyo hasa ilivyo Bingley.

Wapo watakaopenda “lango la maji.” Tatizo ni kwamba lango ni sehemu tu ya kitu hicho. Vyumba vitano vya Bingley vina malango sita, maana lango la juu la chumba kimoja ndilo la chini la kinachofuata. Vyumba vitano vilivyoachana vingekuwa na malango kumi. Anayehesabu malango hatajua ni vyumba vingapi. Wengine watasema kwamba kipandio hakifai kwa chombo kinachoteremka. Lakini ngazi nayo twaiteremkia, na hapana aliyewahi kulalamika.

Tunapendekeza, basi, istilahi zifuatazo:

Mfereji wa safari: mfereji uliochimbwa ili vyombo vipite, tofauti na mfereji wa kumwagilia mashamba na ule wa maji ya kunywa. Katika majina kama Mfereji wa Suez, neno “mfereji” latosha.

Kipandio: chumba pamoja na malango yake. Ngazi ya vipandio: vipandio vinavyofuatana.

Lango na kilango: lango ni la chombo, kilango ni tundu la kuingizia au kutolea maji.

Daraja-mfereji: daraja linalobeba mfereji juu ya mto au bonde.

Njia ya kukokotea: njia ya farasi au watu wanaovuta chombo kwa kamba.

Kandiko: tabaka la udongo uliokandwa na kushindiliwa ili mfereji usivuje. Brindley alilitegemea sana, na kila aliyewahi kukandika ukuta wa nyumba analielewa.

Tishari: neno lililozoeleka bandarini, lifaalo pia kwa chombo cha mizigo cha mfereji.

Hitimisho

Istilahi hufanana na kile kipimo cha futi saba. Aliyeiweka huona ameokoa muda, lakini wote wajao hupita humo. Tukiweka “kufuli” leo, vizazi vya wanafunzi vitatafuta funguo. Yatupasa kukielewa kitu kwanza, kisha kusikiliza wananchi wanaofanya kazi inayofanana nacho, ndipo tuandike.

Mwalimu wa Benaco amekwisha kufuta “kufuli” katika nakala yake kwa kalamu, na kuandika “vipandio” pambizoni. Nakala nyingine za kitabu hicho bado ziko madarasani. Wasomaji wenye maneno bora zaidi, hasa wavuvi na manahodha wa maziwa yetu, wanaombwa kuyaleta ili yajadiliwe kabla ya orodha hii kusanifishwa.