Fukuto la Kipakatalishi

Kipakatalishi ni istilahi ya laptop iliyozaliwa na kitenzi pakata, yaani kuweka mapajani. Watanzania walifika hapohapo kwa njia yao, wakasema kompyuta mpakato. Sasa itazame mashine yenyewe ilivyo katika ofisi za Kitale na Bungoma nchini Kenya, kwa mhasibu, mpiga chapa au mhariri wa video za harusi. Hakuna anayeipakata. Iko mezani, kifuniko kimefungwa, na ubavuni imechomekwa waya unaokwenda kwenye skrini kubwa, wakati mwingine mbili. Baada ya saa moja feni inavuma, na ukiigusa chini unaondoa mkono upesi.

Mwenyewe atasema, "Laptop yangu inashika moto." Wengine husema inachemka, neno la makanika wa matatu, ambao gari likichemka hutafuta maji. Maneno haya mawili yametawala, na yote mawili hupeleka mkono pasipo. Aliyesikia moto huogopa betri, akachomoa chaja. Aliyesikia kuchemka hutafuta cha kupoza, akaielekezea feni ya mezani, na kesho hali ni ileile.

Kiswahili kina neno lililokaa karibu zaidi na ukweli: fukuto. Ni joto la mahali palipokosa hewa, lile la alasiri kabla ya mvua kunyesha, au la chumba cha mabati kilichofungwa madirisha. Moto unaokula chinichini bila kutoa ndimi nao husemwa unafukuta. Ukitamka fukuto umeuliza maswali mawili kwa pigo moja: joto linazalishwa na nini, na mbona halitoki?

Tuanze na uzalishaji. Mashine nyingi zenye nguvu zina vichora picha viwili: kidogo kilicho ndani ya kichakato kikuu, na kadi ya pili ambayo hulazwa mpaka ihitajike. Katika nyingi kati ya hizo, tundu la HDMI limeungwa moja kwa moja na kadi ya pili. Ukichomeka skrini, kadi huamka na haipati tena nafasi ya kulala, hata ukiwa unaandika barua tu. Skrini zikitofautiana kasi ya kuonyesha picha upya, tuseme moja ni 60 Hz na nyingine 144, mara nyingi kumbukumbu ya kadi hubaki kwenye mwendo wa juu mchana kutwa. Joto hilo halina kishindo; linafukuta.

Sasa njia ya kutokea. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma mita 1,400 hivi. Baridi ya Kitale inasaidia, lakini hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ya Mombasa, na feni hupoza kwa hewa: mizunguko ileile hubeba joto pungufu. Kisha kuna vumbi. Huku ni nchi ya mahindi, na msimu wa kupukuchua kila dirisha lililo wazi huingiza unga mwembamba. Fundi mmoja wa Bungoma alifungua skrubu za chini mbele yangu. Mapezi ya kupozea yalikuwa yamefunikwa vumbi na nyuzi za nguo, vimeshikana kama blanketi. Alivibandua kwa kibanio vikatoka kipande kizima.

"Mwalimu, hii haikuwa na moto," alimwambia mwenye mashine. "Ilikosa pa kupumulia."

Hakulitaja neno fukuto, lakini alilieleza lote. Tiba nayo inafuata: inua nyuma ya mashine, acha kifuniko wazi, puliza vumbi kwa blowa huku umeizuia feni isizunguke, zilinganishe skrini zote kwenye 60 Hz, na ujaribu tundu la USB-C, kwani katika baadhi ya mashine hilo huungwa na kichora kidogo.

Sidai kila neno la kamusi lipelekwe dukani. Kiwambo, kutoka wamba, ni istilahi nzuri, lakini skrini imeshaenea na haimpotezi mtu. Fukuto ni kesi nyingine. Wanafunzi wa Kitale National Polytechnic na wa Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015, husomeshwa teknolojia kwa Kiingereza, kisha huwahudumia wateja kwa Kiswahili. Mteja akipiga simu na kusema, "Nikichomeka skrini ya pili inafukuta," fundi ameshajua aanzie wapi kabla mashine haijafika mezani. Istilahi inayomwokolea fundi nusu saa haihitaji kusubiri kikao cha wataalamu.