Montenegro: Ukwe Haukulinda Kiti cha Enzi

Ndugu wasikilizaji, nchi ndogo iliyozungukwa na wakubwa haina budi kutafuta kinga. Ziko zilizoitafuta kwa silaha, na ziko zilizoitafuta kwa mikataba. Nikola, mtawala wa Montenegro, nchi ya milima iliyo kando ya bahari ya Adriatiki huko Ulaya, aliitafuta pia kwa kuoza binti zake.

Ukoo wake, Petrović-Njegoš, ulishika madaraka tangu mwaka 1697. Hapo kwanza watawala wake walikuwa maaskofu wa Kanisa la Kiorthodoksi, na kwa kuwa askofu haoi, mara nyingi urithi ulimwendea mtoto wa ndugu. Mwaka 1852 Danilo aliukataa uaskofu, akatwaa cheo cha prinsi. Alipouawa mwaka 1860, Nikola, mtoto wa nduguye, alirithi akiwa na umri wa miaka 18.

Nikola alipigana na Waturuki, na mwaka 1878 Mkutano wa Berlin, uliotangulia ule ulioigawa Afrika, uliitambua Montenegro kuwa nchi huru. Ndipo binti zake walipoolewa na wakuu wa Ulaya. Zorka aliolewa mwaka 1883 na Petar Karađorđević, ambaye baadaye alikuwa Mfalme wa Serbia. Milica na Stana waliolewa katika ukoo wa kifalme wa Urusi, na Jelena akawa Malkia wa Italia mwaka 1900. Mwaka 1910 Nikola mwenyewe alijitangaza kuwa mfalme.

Lakini nyumbani mambo hayakuwa shwari. Katiba aliyoitoa mwaka 1905 haikupunguza sana nguvu zake. Vijana wengi waliosoma Belgrade walimpinga, na mwaka 1908 baadhi ya wapinzani wake walishtakiwa mjini Cetinje kwa njama ya mabomu.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoupima ukwe huo. Januari 1916 majeshi ya Austria na Hungaria yaliiteka nchi, na mfalme akakimbilia Italia, kisha Ufaransa. Wakwe zake wa Urusi walipoteza enzi yao wenyewe mwaka 1917. Mwaka uliofuata jeshi la Serbia liliingia Montenegro, na tarehe 26 Novemba baraza lililokutana Podgorica likamwondoa Nikola na kuiunganisha nchi na Serbia. Aliyeshika hatamu Belgrade wakati huo kwa niaba ya Mfalme Petar alikuwa Aleksandar, mwana wa Zorka, aliyezaliwa Cetinje kwa babu yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wananchi waligawanyika. Waliotaka muungano waliitwa Weupe, na waliopinga kumezwa na Serbia waliitwa Kijani. Januari 1919 Kijani waliasi, wakashindwa. Italia, ambako binti yake alikuwa malkia, haikumrudisha mzee huyo. Alifariki ugenini mwaka 1921, na mabaki yake yalirudishwa Cetinje mwaka 1989.

Mwaka 2006 wananchi wa Montenegro walipiga kura wakajipatia tena uhuru wao, safari hii wakiwa jamhuri. Uhuru ambao ndoa za mabinti wa mfalme hazikuweza kuulinda, ulirejeshwa na kura za raia wa kawaida. Kinga ya nchi ndogo, ndugu wasikilizaji, huanzia kwa watu wake wenyewe.