Diwani tunamdai nini hasa?

Keti katika baraza yoyote hapa Pwani baada ya swala ya alasiri, halitapita muda kabla hujasikia diwani akitajwa, na aghalabu hatajwi kwa wema. Simu haishiki. Afisi ya wadi ina kufuli. Wakati wa kura alikuja kwa miguu, leo apita na vioo vya gari vimefungwa. Diwani naye, ukimpata faragha, ana kilio chake: kila abishaye mlangoni kwake ataka karo, nauli, sanda au kazi ya mtoto, na mshahara ni mmoja.

Pande zote mbili zasema kweli. Lakini kwa maoni yangu twagombana mahali sipo. Twamdai diwani mambo ambayo sheria haikumpa, na yale iliyompa yapita kimya bila ya mtu kumuuliza.

Tulikotoka

Neno diwani si geni kwetu. Kule Vumba, kusini mwa Kwale, lilikuwa cheo cha watawala wa kale. Baadaye likawa jina la mjumbe wa baraza la mji. Hadi mwaka 2013 Kenya ilikuwa na mabaraza 175 ya serikali za mitaa, yakiwemo ya Mombasa, Malindi na Lamu. Baraza lile lilitunga sheria ndogo na lenyewe likaendesha kazi. Madiwani walimchagua meya miongoni mwao, na kamati zao ziliamua mambo ya masoko, nyumba na barabara za mitaa. Mfuko wa LATF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1998, uliyapa mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi, na diwani alikuwa na sauti kubwa juu ya matumizi yake. Hapo ndipo tulipozoea kwamba diwani ndiye mtoaji.

Katiba ya 2010 ilivunja mpango huo. Tangu uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, kazi ya kutekeleza ni ya gavana na mawaziri wake wa kaunti. Diwani akawekwa upande wa pili, katika bunge la kaunti. Pwani ina wadi 130: Kilifi 35, Mombasa 30, Kwale 20, Taita Taveta 20, Tana River 15 na Lamu 10. Sheria ilibadilika, mazoea yakabaki.

Kazi yake ni ipi

Kifungu cha 185 cha Katiba kinalipa bunge la kaunti kazi ya kutunga sheria, kuichunguza serikali ya kaunti na kuidhinisha mipango yake. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamtaka diwani awe karibu na wapiga kura wake, awasikize, apeleke maoni yao bungeni na ahudhurie vikao. Kifungu hicho hicho kinamkataza kujiingiza katika kazi za utekelezaji, au kutoa huduma kana kwamba ni mfanyakazi wa kaunti.

Kwa hivyo, mfereji ukikauka, diwani si fundi wala si mwanakandarasi. Kazi yake ni kuuliza swali bungeni, kumfanya waziri wa maji wa kaunti ajibu mbele ya kamati, kisha arudi mtaani awaambie watu jibu walilopewa. Huduma za kila siku za wadi zina msimamizi wa wadi, ambaye ni mwajiriwa wa kaunti na ndiye wa kwanza kufuatwa.

Pia kuna mambo ambayo si ya kaunti kabisa. Hati miliki za ardhi, vitambulisho, polisi, shule za msingi na za upili, na feri ya Likoni ni mambo ya serikali kuu. Ya kaunti ni zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, taa za barabarani, mitaro, taka, maji, uvuvi na makaburi. Mwanasiasa anayewaahidi watu hati miliki kwa kura ya udiwani ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua na anawachezea.

Pesa huamuliwa lini

Hapa ndipo penye hasara yetu kubwa. Mwaka wa bajeti una tarehe zake katika sheria ya fedha za umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa sera ya fedha hufika kabla ya tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili, na bunge huidhinisha kabla ya tarehe 30 Juni. Zahanati ambayo haikuingia katika karatasi hizo haitapata kitanda cha kujifungulia mwaka huo, hata diwani akipigiwa simu mara mia.

Nimehudhuria vikao kadhaa vya kutoa maoni ya bajeti. Tangazo hufika usiku wa kuamkia kikao. Kitabu ni kinene, kimeandikwa kwa Kiingereza, na nakala ni mbili kwa ukumbi mzima. Viti vya mbele huwa vya watu wa diwani, na wengine husubiri soda na nauli. Katika kimoja, mama mmoja aliuliza mbona dawa za sukari hazipatikani katika zahanati ya mtaa wake. Akaambiwa neno lake limeandikwa. Hakuna aliyemuuliza diwani, aliyekuwepo pale pale, kama atalisimamia bungeni. Tulipotoka nje, waliokuwa wamemzunguka wote walikuwa na mambo yao ya binafsi.

Kikao cha namna ile si hisani. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimisha bunge la kaunti kufanya kazi zake wazi na kuwashirikisha watu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Njia za kumdai

Ziko njia zisizohitaji matusi wala kuchoma matairi. Mtu yeyote aweza kupeleka ombi rasmi katika bunge la kaunti, kwa kifungu cha 15 cha sheria ile ya 2012. Ombi huandikwa na kukabidhiwa karani wa bunge. Weka nakala yenye muhuri. Ukitaka hesabu za mradi, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa afisi ya umma siku 21 kukujibu. Mlango wa bunge nao u wazi: nenda ukaketi umsikize diwani wako, uone kama husema au husinzia. Kumwondoa kabla ya muhula kwisha ni safari ndefu, na vifungu vya kwanza vya sheria hiyo vilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2017. Usianzie huko.

Ndugu zangu, diwani hufurahi tunapomuomba elfu moja ya nauli. Akiitoa, amemaliza, hakuna atakayemuuliza alipiga kura gani siku ya bajeti. Uongozi ni amana, na mwenye amana huulizwa kile alichokabidhiwa. Kila mtaa na uchague watu watatu au wanne wanaoaminika, wanawake na vijana wakiwemo. Wapate makadirio ya bajeti mwezi wa Mei, watafute wadi yao, waandike mambo matatu tu, kisha wamuite diwani mbele ya watu ayajibu. Mwezi wa Julai wamuite tena.